Jinsi ya Kujifunza kutoka kwa Watazamaji wa Trela Yenu ya Kutisha: Mwongozo Kamili kwa Vyama vya Filamu Shuleni

Kila muhula vyama vya filamu vya shule za Kisumu na viunga vyake huniletea swali lile lile kuhusu trela, ule mkusanyiko mfupi wa picha za kumvutia mtu atazame filamu nzima: "Mwalimu, tulionyesha trela, watu wakapiga makofi, lakini hatujui turekebishe nini." Nikiwauliza waliwauliza watazamaji swali gani, jibu ni moja. "Tuliwauliza kama wameipenda."

Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Mwenzako mnayelala naye bweni moja hatakwambia usoni kwamba kazi yako ya wiki sita imemchosha. Atasema iko sawa, na nyinyi mtarudi mlikotoka na sifa tele mkononi bila neno moja la kufanyia kazi.

Humu nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: trela ya dakika 1 na sekunde 32 iliyotengenezwa na wasichana sita wa Kidato cha Tatu niliowasimamia hapa Kisumu. Msichana amebaki peke yake bwenini siku ya kufunga shule. Usiku, mchanga unaanza kurushwa juu ya mabati. Kisha ndoo ya chuma inasikika ikiburutwa kwenye sakafu ya bafu, na bafuni hakuna mtu.

## Mtakavyohitaji

- Trela ambayo bado inaweza kubadilishwa. Msingoje ikamilike kabisa, kwa sababu mkishaipenda mno hamtakubali kuigusa.
- Nakala ya pili ya trela hiyo yenye saa ya sekunde kwenye pembe ya picha. Hii ni yenu, watazamaji wasiione.
- Projekta au televisheni, na spika iliyo nje ya kompyuta.
- Simu moja ya kurekodi watazamaji, na kitu cha kuisimamisha.
- Karatasi za maswali na kalamu za kutosha. Kalamu zikiwa chache watu hunakiliana majibu.
- Ukanda mrefu wa karatasi. Karatasi za daftari zilizounganishwa kwa gundi zinatosha.
- Mtu mmoja asiye wa kundi lenu wa kuongoza mazungumzo.
- Idhini ya kurekodi. Sura ya mtu ni data yake, na Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya kuchukua data ya mtoto. Mwalimu mlezi wa chama aandike barua mapema. Asiye na idhini akae nje ya upeo wa kamera, lakini msimzuie kutazama.

## Hatua ya 1: Choreni ramani ya hofu

Kabla mtu wa nje hajaona chochote, kaeni chini na mwandike mnachotaka mtazamaji ahisi, sekunde kwa sekunde. Wasichana wangu waliandika hivi: sekunde ya 0 hadi 15, utulivu na upweke. Sekunde ya 22, mchanga juu ya mabati, mtazamaji aanze kuwa na wasiwasi. Sekunde ya 58, miguu ya mzuka chini ya mlango wa bafu, hofu kuu. Sekunde ya 80, giza na sauti ya ndoo, mtazamaji abaki na swali.

Sababu yake ni kwamba maoni hayana maana mpaka yalinganishwe na kusudi. Mtu akisema "pale mwanzo palikuwa pole pole," hilo ni kosa au ni sifa? Kama mlitaka upweke, huenda ni sifa. Bila ramani mtabishana usiku kucha, na atakayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Mkifaulu: mna ukurasa mmoja, kila mwanakundi ameukubali, na umewekwa tarehe ili asije mtu baadaye akasema "nilikusudia hivyo tangu mwanzo."

## Hatua ya 2: Chagueni watazamaji wasiowadai chochote

Mwigizaji, aliyebeba taa, aliyesoma hadithi na rafiki wa aliyesoma hadithi, wote watolewe. Wanajua kinachokuja, na anayejua kinachokuja haogopi.

Tafuteni makundi mawili au matatu yanayotofautiana. Watu 12 hadi 15 kwa kundi wanatosha. Wasichana walichukua wanafunzi wa Kidato cha Pili wasiowafahamu vizuri, wakachukua watu wazima wanaofanya kazi shuleni (wapishi, bawabu, mhudumu wa maktaba), kisha kupitia mwalimu mmoja rafiki yangu wakawafikia wanafunzi wa Nakuru.

Kundi la Nakuru nililisisitiza mimi. Ukanda huu wa ziwa, mtoto akisikia mchanga ukirushwa juu ya mabati usiku, hahitaji kuambiwa kitu. Amekua akisikia habari za jajuok, mkimbiaji wa usiku anayetikisa milango na kurusha mchanga juu ya paa. Mtoto wa Nakuru amekua na hadithi nyingine, za watu wanaopotea huko kwenye kreta ya Menengai. Nilitaka wasichana waone ni kiasi gani cha hofu yao kinatoka kwenye trela, na ni kiasi gani ambacho mtazamaji amekuja nacho kutoka kwao.

Tahadhari: angalieni umri. Bodi ya kuainisha filamu nchini Kenya ina madaraja manne: GE kwa watu wote, PG kwa mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Jiulizeni trela yenu ingeangukia wapi kabla ya kuwaita wanafunzi wadogo. Na mtazamaji yeyote akitaka kutoka, atoke bila kuulizwa sababu.

## Hatua ya 3: Andaeni chumba

Hofu ni kitu dhaifu, huuawa na mambo madogo. Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni karibu mwaka mzima, kwa hiyo msianze kabla ya saa moja na nusu kama bwalo lenu halina mapazia mazito. Picha ya usiku iliyopigwa kwa simu, ikirushwa na projekta kwenye ukuta wenye mwanga, inakuwa ukuta mweusi tu.

Mvua nayo. Mvua za hapa hupenda kupiga alasiri na mapema jioni, na chini ya mabati hakuna spika ya shule inayoishinda. Mvua ikianza, ahirisheni. Kundi moja lililazimisha likaendelea, na kila karatasi ilirudi na maneno "hatukusikia." Walipoteza watazamaji 14 ambao hawangeweza kuogopeshwa tena kwa trela ile ile.

Jaribuni faili kwenye kifaa chenyewe, chumba chenyewe, saa mbili kabla. Chajini kompyuta, maana stima ikipotea katikati mtakuwa mmeharibu onyesho.

## Hatua ya 4: Onyesheni, nyamazeni, tazameni watu

Msitoe utangulizi. Msiseme "bado haijaisha" wala "sauti ina shida kidogo." Maneno hayo yanamfundisha mtazamaji kuwahurumia. Semeni tu: "Tutaona kitu cha dakika moja na nusu. Tafadhali msiongee mpaka karatasi zirudishwe." Kisha zimeni taa.

Nyinyi msiitazame skrini, mnaijua. Tazameni watu. Simamisheni simu ya kurekodi mbele, pembeni mwa skrini, ikiwaelekea. Mwanga wa skrini peke yake kwa kawaida unatosha kuonyesha nyuso za safu za mbele. Wanakundi wawili wakae pembeni na daftari, kila mmoja akiangalia watu sita au saba tu.

Andikeni mnachokiona, si mnachokifikiria. "Ameinua mabega." "Ameacha kutafuna." "Amemshika jirani mkono." "Amefungua simu." "Wawili wametazamana." Msiandike "ameogopa" wala "amechoka," hizo ni hukumu na muda wake haujafika.

Hapa kuna mbinu ambayo ningependa kila chama kiijue. Simu iliyorekodi watazamaji imerekodi pia sauti ya trela iliyokuwa ikitoka kwenye spika. Ingizeni video hiyo kwenye programu yenu ya kuhariri, iwekeni kando ya trela yenye saa ya sekunde, kisha isogezeni mpaka sauti mbili zilingane. Sasa mnaona uso wa mtazamaji na kile alichokuwa akikitazama, kwa wakati mmoja. Wasichana walipofanya hivyo mara ya kwanza walikaa kimya kama wao ndio walioonyeshwa filamu ya kutisha.

### Kicheko kina maana mbili

Makundi mengi huvunjika moyo watu wakicheka. Ngojeni kwanza, tofautisheni.

Kicheko cha kupumua huja *baada* ya mshtuko. Mtu anaruka, anashika kifua, anavuta pumzi, halafu anacheka, na mara nyingi hata hamtazami jirani. Huyo mmempata. Mwili wake unajitoa kwenye hofu.

Kicheko cha dhihaka huanza *kabla* au wakati wenyewe wa kuogopa. Mtu anamgeukia jirani, ananong'ona, anaonyesha kidole. Huyo ametoka kwenye hadithi, na kuna kitu kilichomtoa. Kazi yenu ni kukitafuta.

Mkifaulu: mna video iliyolingana na trela, na madaftari mawili yenye matukio na sekunde zake.

## Hatua ya 5: Karatasi kabla ya mdomo

Taa zikiwaka, gaweni karatasi mara moja, kabla mtu hajasema lolote. Ukiruhusu mazungumzo kwanza, yule mcheshi wa darasa atasema "mimi sijaogopa hata kidogo," na wavulana 10 walioruka vitini wataandika hivyo hivyo.

Maswali matano yanatosha:

1. Simulia kwa sentensi mbili kilichotokea.
2. Ni wapi uliogopa zaidi? Taja kitu ulichokiona au kukisikia.
3. Ni wapi mawazo yako yalihama?
4. Ni wapi hukuelewa?
5. Ukipewa filamu nzima, unataka kujua nini?

Swali la kwanza wengi hulidharau, nalo ndilo mfalme. Watu sita kati ya 13 wa Kidato cha Pili waliandika kwamba kuna wasichana wawili bwenini. Alikuwa mmoja! Alibadilisha sweta katikati ya trela, basi wakadhani ni mtu mwingine. Hakuna aliyelalamika katika swali la nne kwamba hakuelewa, kwa sababu mtu aliyeelewa vibaya hajui kwamba hakuelewa.

Swali la tano linapima trela kama trela. Kazi yake ni kumfanya mtu atake kuona filamu. Akiandika "ndoo inaburutwa na nani?" mko pazuri. Akiandika "hakuna," basi mmemwambia kila kitu ndani ya sekunde 92.

Msiombe alama 1 hadi 10. Mkipewa saba, mtaifanyia nini? Haiwaambii ni sekunde gani imepunguza tatu.

## Hatua ya 6: Mazungumzo, bila mwongozaji kujitetea

Mwongozaji wa trela asiongoze mazungumzo. Hata akijikaza, uso wake utawaambia watu nini cha kusema. Mtu wa nje aongoze, nyinyi mkae nyuma mkiandika.

Kiongozi awe na maneno mawili tu ya kurudia: "Tueleze zaidi," na "Wakati huo ulikuwa unatazama nini?" Maneno yaliyopigwa marufuku ni "lakini" na "maana yake ni kwamba." Mtu atakayeitazama trela hii kwenye simu ndani ya matatu hatakuwa na mmoja wenu kando yake wa kumwelezea maana.

Anzeni na wakimya na wakubwa. Katika kundi la wafanyakazi kulikuwa na mama anayepika bwaloni. Alikuwa amekunja mikono muda wote. Kiongozi akamwuliza kwa heshima:

"Mama, ni wapi ulishtuka?"

"Mwanangu, mimi sikushtuka. Yule msichana anaogopa, na mlango wa bweni uko wazi. Kwa nini asitoke?"

Wasichana walitazamana. Walikuwa wameitazama trela ile zaidi ya mara mia, na mlango ulikuwa pale, nyuma ya kitanda, umeachwa wazi ili mwanga wa taa ya nje uingie. Waliuacha wazi kwa ajili ya kamera. Mama aliuona kama mzazi anavyoona mlango.

Mkifaulu: mmejibu kila maoni kwa "asante" tu.

## Hatua ya 7: Bandikeni maoni kwenye ukanda wa sekunde

Sasa toeni ule ukanda wa karatasi. Pimeni sentimita moja kwa kila sekunde. Trela ya sekunde 92 ni ukanda wa sentimita 92, unaenea vizuri kwenye meza ya maabara. Juu ya mstari andikeni ramani ya hofu mliyoichora katika hatua ya 1. Chini ya mstari andikeni yote yaliyotokea: ishara za mwili, majibu ya karatasi, maneno ya mazungumzo, kila kimoja kwenye sekunde yake. Tumieni rangi, nyekundu kwa hofu, bluu kwa kuchoka, nyeusi kwa kuchanganyikiwa, kijani kwa kicheko cha dhihaka.

Sababu ya kupanga kwa sekunde badala ya kupanga kwa mtu ni kwamba mkipanga kwa mtu mtaanza kumjadili mtu: "Huyo hapendi filamu za kutisha," "Huyo ana wivu." Mkipanga kwa sekunde, mnajadili trela.

Tafuteni vitu vitatu. Mlipoahidi hofu na ikafika, pasiguswe. Mlipoahidi na haikufika, ndipo penye kazi. Na pale ambapo hamkuahidi chochote, ila watu wakaogopa, hapo mmepata zawadi.

Zawadi ya wasichana ilikuwa sekunde ya 37. Kwenye ramani hapakuwa na kitu, ni sehemu ya kupita tu. Lakini kwenye ukanda wino mwekundu ulirundikana. Waliporudi kwenye video waliona watu wanane wakiacha kusogea kwa pamoja. Ilikuwa ni mkwaruzo wa ndoo, *krrrr*, mara ya kwanza, ukisikika kwa mbali chini ya muziki. Watu walikuwa wakiinamisha kichwa kidogo ili wausikie vizuri. Wasichana waliondoa muziki kwa sekunde nne. Ukabaki mkwaruzo mtupu kwenye saruji, halafu kimya. Kuanzia siku hiyo ikawa sehemu ya kutisha kuliko zote katika trela, na hawakupiga picha mpya hata moja.

### Mtazamaji anajua panapouma, dawa ni yenu

Hapa ndipo makundi mengi huangukia. Sekunde ya 58, mahali pa hofu kuu, ukanda ulikuwa kijani kitupu. Watu tisa walicheka, na walicheka kabla. Karatasi zilikuwa na ushauri mwingi: watano walisema mwigizaji wa mzuka abadilishwe, wawili walitaka muziki wa kutisha zaidi, mmoja alitaka damu.

Wasichana walikuwa tayari kumbadilisha mwigizaji, na mwigizaji mwenyewe alikuwa ameanza kulia. Nikawaomba tuzitazame tena zile video mbili kwa pamoja, tukisimamisha fremu kwa fremu, yaani picha moja moja. Mtazamaji wa kwanza kucheka alicheka kabla miguu haijasogea hata kidogo. Kwa hiyo haikuwa uigizaji, kwa maana uigizaji ulikuwa haujaanza. Alichokuwa akikiona ni miguu imesimama chini ya mlango. Na miguuni, patipati za bluu, zile zile anazovaa kila mwanafunzi wa bweni kwenda kuoga.

Karatasi moja ilikuwa imesema hivyo, kwa mwandiko mdogo pembeni: "mzuka ana patipati kama zangu." Tulikuwa tumeiruka.

Basi mtazamaji akisema "badilisheni mwigizaji," msichukue dawa yake, chukueni sekunde yake. Amewaonyesha mahali panapouma. Kinachoumiza mtakitafuta wenyewe. Walipiga upya sekunde tatu, miguu peku, imelowa, maji yakichuruzika kuelekea kwenye kamera. Mwigizaji yule yule.

## Hatua ya 8: Amueni kipi kibadilike

Kanuni ninayoitumia: watu watatu wasiojuana wakigusa sekunde ile ile, fanyeni kitu hata kama wametaja sababu tofauti. Mtu mmoja akitaja jambo, lichunguzeni, na likionekana kwa macho mara mnapoelekezwa, kama mlango wa yule mama, lirekebisheni pia. Maoni ya ladha tupu ("mimi napenda za majini") yawekeni kando kwa heshima.

Makundi yakipingana, msikimbilie kupata wastani. Tafuteni kwanza kwa nini. Kisumu waliganda kwenye sekunde ya 22, mchanga ulipogonga mabati. Nakuru, hakuna. Mmoja aliandika "mvua imeanza." Wasichana wakasema, basi, ni mila, tuweke maandishi ya kueleza jajuok ni nini.

Nikawazuia. Nakuru walikuwa wametazama kwenye simu, na spika ndogo ya simu haitoi vizuri sauti nzito, zile zilizo chini ya takriban hezi 200. Ule mngurumo uliotangulia mchanga na kuandaa hofu ulikuwa umepotea wote. Kulikuwa na sababu mbili, na hatukujua ipi imefanya nini. Tukaomba wanafunzi wengine wa Nakuru, wapya, watazame kwa hedifoni. Mngurumo uliwafikia, wakaanza kuwa na wasiwasi, ila mchanga wenyewe bado ulikuwa mvua kwao.

Kwa hiyo tulitibu vyote viwili. Mngurumo uliongezewa sauti nyembamba ya juu, kama waya unaovutwa, inayosikika hata kwenye simu. Na kabla ya mchanga msichana ananong'ona maneno matatu: "Anarusha mchanga tena." Wa Nakuru sasa wanajua kwamba kuna *mtu* juu ya paa au nje, na kwamba si mara ya kwanza. Wa Kisumu hawakupunguziwa chochote. Neno jajuok halikutajwa, na sijajuta.

## Hatua ya 9: Rekebisheni kimoja kimoja

Anzeni na sauti na mikato (pale picha moja inapokatika na nyingine kuanza), kwa sababu ni bure na hurudishika. Upigaji picha mpya uje mwisho. Mara nyingi kurefusha ukimya kwa fremu 10 kabla ya mshtuko, chini ya nusu sekunde, hufanya kazi mliyodhani inahitaji siku nzima ya kupiga picha.

Kila badiliko liwe na faili yake: trela_02_ndoo, trela_03_miguu, trela_04_mlango. Msifute ya zamani. Badiliko lingine huvunja kitu kingine, na mtahitaji kurudi. Wekeni nakala kwenye flashi mbili, zikae kwa watu wawili.

## Hatua ya 10: Onyesheni tena, kwa watu wapya

Aliyekwisha kuona hawezi kuwaambia kama trela inatisha. Anaweza kuwaambia tu kama imebadilika. Kwa hiyo wekeni akiba tangu mwanzo: msiwaonyeshe wote siku ya kwanza. Gawanyeni shule, mkondo mmoja sasa, mwingine wiki mbili baadaye.

Rudieni hatua ya 3 hadi ya 7 kwa chumba kile kile na maswali yale yale. Mkibadilisha chumba na trela kwa pamoja, hamtajua kilichofanya kazi.

Mkifaulu: mahali palipokuwa kijani pamekuwa pekundu, na palipokuwa pekundu hapajafifia. Mara ya pili sekunde ya 58 ilipita bila kicheko. Bwalo lilikuwa kimya, na msichana mmoja wa safu ya pili aliinua miguu yake kutoka sakafuni akaiweka juu ya benchi.

## Hatua ya 11: Andikeni ripoti yenye ushahidi

Kama trela ni mradi wa somo la maigizo na filamu katika Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12), au mnaiandaa kwa tamasha la shule, mtaulizwa mmejifunza nini kutoka kwa watazamaji. Jibu la "tulipata maoni mazuri na tukaboresha kazi yetu" halisemi kitu.

Kila aya iwe na mambo manne kwa mfuatano: mlikusudia nini, kilitokea nini na mnajuaje, mlidhani chanzo ni nini, mlibadilisha nini na matokeo yakawaje. Hii ni aya ya mmoja wa wale wasichana, kwa ruhusa yake:

"Tulitaka mtazamaji aogope zaidi katika sekunde ya 58. Watu tisa kati ya 13 walicheka, na video inaonyesha walianza kabla mwigizaji hajasogea. Tulidhani ni uigizaji, lakini tulipotazama fremu kwa fremu tuliona ni patipati. Tulipiga upya miguu ikiwa peku. Katika onyesho la pili kwa watu 12 wapya hakuna aliyecheka, na saba walitaja miguu walipoulizwa waliogopa wapi."

Ambatisheni picha ya ukanda wa sekunde, karatasi mbili au tatu za majibu zilizoondolewa majina, na ile ramani ya hofu yenye tarehe. Video za nyuso za watazamaji msiambatishe wala msizitume kwenye makundi ya WhatsApp. Idhini mliyopewa ilikuwa ya kujifunza, kwa hiyo ripoti ikishapokelewa, zifuteni.

Yale ambayo hamkuyabadilisha yaandikeni pia. Wasichana waliweka ukurasa mzima kuhusu sekunde 15 za mwanzo, ambazo watu wanne waliziona za pole pole. Walieleza kwamba walipozifupisha kwa jaribio, watazamaji wapya hawakushtuka tena na mkwaruzo wa ndoo, kwa hiyo wakarudisha ukimya ule kama ulivyokuwa.